Majani Yaliyogeuzwa

Watu wakiniuliza kazi yangu, huwajibu kwamba napima jinsi majani yanavyooza. Wengi hudhani nawafanyia mzaha. Shangazi yangu mmoja siku moja alinitazama kwa huruma, akauliza kama shule yote ile niliyosoma ndiyo imenifikisha kwenye takataka. Nilimwambia ndiyo, na hata takataka zenyewe si zangu, ni za miti. Akanimiminia chai nyingine bila kucheka.

Kazi yenyewe haina siri. Nakusanya majani yaliyoanguka, nayakausha, nayapima uzito, kisha nayatia kwenye vifuko vidogo vya wavu na kuvilaza chini msituni, juu ya majani mengine. Kila baada ya muda narudi, nainua kifuko kimoja, naenda kupima kilichobaki. Kwetu Nyamira, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri, jani la msunduzi halina maisha marefu. Kwanza hulainika. Halafu nyuzi nyeupe za kuvu hulitambalia, kisha majongoo na mchwa na wadudu wasioonekana kwa macho huligawana, hadi inabaki mishipa mitupu. Ukichelewa kurudi, hata hiyo mishipa huikuti. Unashika mfuko mtupu wenye tope kidogo, na hilo tope ndilo mti utakalokula mwakani.

Vifuko nilivishona mwenyewe. Neti nilinunua Kisii mjini, kwenye duka la familia moja ya Kihindi ambayo imeuza vitambaa pale tangu kabla sijazaliwa. Mama mwenye duka alinikatia vipande nilivyotaka, akavitazama udogo wake, akatabasamu. "Hizi ni za mtoto, madam?" Nikamwambia ni za majani. Akanifungia kwenye gazeti na kunirudishia chenji, na nadhani mpaka leo anaamini nilikuwa naficha mimba.

Msitu nilioutumia ulikuwa wetu. Kuuita msitu labda ni kuutukuza, kwa sababu ulikuwa kipande tu kilichobaki chini ya boma letu, mahali mlima unapoteremka ghafla kuelekea kijito. Majirani walikata vyao zamani, wakapanda chai na mikaratusi. Chetu kilisimama kwa sababu mama alikataa. Tangu baba afariki, shamba ni lake, na kila mwaka kaka yangu alimwendea na hesabu zake za nguzo na za kuni, na kila mwaka mama alimjibu maneno yale yale: "Ngoja kidogo." Mimi nilijua kwa nini anakataa. Alikuwa ananitunzia mahali pa kazi. Siku moja nilimshukuru kwa hilo, waziwazi, na yeye akasema, "Haya."

Ndani ya msitu ule nilikuwa na eneo langu, mraba niliouzungushia kamba za bluu, na humo ndimo vifuko vilimokaa. Nilikuwa nikiishi mjini na kuja Jumamosi. Nilikuwa nikiteremka peke yangu asubuhi, kabla jua halijafika bondeni, na sikuwahi kuogopa. Mimi si mtu wa mizuka. Nimelelewa na watu wanaoona kila kitu kina mkono wa mtu nyuma yake, na labda ndiyo sababu nilikimbilia kazi ambayo kila kinachotoweka nina jina la kumwita aliyekila.

Halafu nikaanza kuona majani yaliyogeuzwa.

Ni lazima nieleze. Majani ya chini msituni yana juu na chini. Upande wa juu hupauka na kukauka kidogo, upande wa chini ni mweusi, umelowa na umenata kwenye lile la pili. Ukikaa nayo miaka, jicho huzoea, na kitu kisichokaa sawa unakiona hata kabla hujajua umekiona. Jumamosi moja nilisimama karibu na mkuyu, nikahisi kuna kitu hakiko sawa, nikainama. Palikuwa na mahali padogo, upana wa viganja viwili hivi, ambapo majani yote yalikuwa na weusi wake juu. Nikayaondoa. Chini yake udongo ulikuwa umechotwa, kijishimo safi, hakuna alama ya kwato wala ya kucha. Aliyechota alirudisha majani kufunika, ila aliyarudisha kichwa chini.

Nikatafuta zaidi, nikapata pengine. Vingine vilikuwa vya zamani, vimekwisha kujaa, na nilivitambua kwa kidole tu, kwa sababu udongo ulizama kwa urahisi. Kila nilikokwenda palikuwa pamechotwa. Sikuelewa nilivyoweza kutembea juu ya vitu hivi miaka yote hiyo bila kuviona.

Nilijua la kufanya, na la kufanya lilikuwa kumkasirikia mtu. Jirani yetu wa upande wa juu ana kitalu cha miche ya chai, na kila mwenye kitalu anapenda udongo wa msituni, mweusi, mwepesi. Nilimkuta akijaza vifuko vyake vya nailoni. Nilimsalimia kama inavyotakiwa, nikamuulizia watoto, kisha nikamuuliza kwa nini anaiba udongo wetu.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

"Mimi natoa wangu kule mtoni," alisema. "Kwenye msitu wenu siingii."

"Kwa nini huingii?"

Aligonga kifuko chake kwenye goti ili udongo ushuke. "Muulize mama yako."

"Nimuulize nini?"

"Wewe muulize tu, dada yangu. Mimi na mama yako tumekaa vizuri miaka mingi."

Sikumuuliza. Nilijiambia ni umbea wa kijijini. Lakini kuanzia siku hiyo sikuteremka bondeni kwa moyo ule ule. Nilikuwa nikipiga magoti kwenye vifuko vyangu na kugeuka ghafla kuangalia nyuma. Msitu wa namna ile haunyamazi, daima kuna kitu kinadondoka au kinatafuna, na hapo kabla sauti hizo zilinipumzisha. Sasa nilizisikiliza. Na jambo lililonikosesha raha kuliko yote ni kwamba vishimo vilikuja hadi kwenye kamba zangu vikasimama. Vilizunguka mraba wangu pande zote, vingine vilikuwa karibu kabisa na kamba, lakini ndani hapakuguswa jani hata moja. Yeyote aliyekuwa akichota alijua kamba ile ni ya nani, na alikuwa ananiheshimu. Mwizi haheshimu kamba.

Msimu wa mvua ndefu kaka yangu akanipigia simu kazini. Nilisikia furaha kabla hajasema neno.

"Mong'ina amekubali," alisema. Ndivyo anavyomwita mama.

"Amekubali nini?"

"Msitu. Amesema nikate. Kwa mdomo wake mwenyewe, sijamlazimisha. Fundi wa msumeno wa pawa anakuja wiki ijayo."

Nilimwambia maneno ambayo dada hapaswi kumwambia kaka yake mwenye watoto, nikakata simu, nikaomba ruhusa, nikaenda nyumbani siku hiyo hiyo.

Mama alikuwa kwenye migomba nyuma ya jiko, anapogoa majani makavu. Mgongo wake umepinda sasa na magoti yamekataa, lakini migomba ile haachii mtu mwingine. Sikumpa hata nafasi ya kunisalimia. Nilimuuliza kwa nini amenifanyia hivi. Nilimwambia miaka yote amesema ngoja, leo bila kuniambia amempa kaka ruhusa, na kazi yangu je? Nilimwambia mengi. Nilisema msitu ule ukikatwa haurudi, kwamba weusi wote tunaoringia ni ngozi nyembamba tu juu ya udongo mwekundu, na jua likiupiga mwaka mmoja kwisha habari yake. Nilikuwa naongea huku nimeinamisha kichwa, kama nifanyavyo nikiwa na hasira ili nisimtazame mtu. Ndiyo maana niliona miche.

Katikati ya migomba kulikuwa kumeota mringaringa, mti wa msituni, mdogo, majani manne. Kando yake msunduzi. Kulikuwa na ule mmea wa kutambaa ambao haupatikani popote ila kivulini bondeni. Mama yangu, ambaye hang'oi gugu moja akaacha la pili, alikuwa amepalilia kuizunguka. Nikapiga magoti, nikatia mkono. Ulizama hadi kwenye kifundo cha mkono. Juu ya kilima chetu udongo ni mwekundu, mzito, unashika jembe. Huu ulikuwa mweusi, una harufu ile ya baridi ninayoijua, na nilipoufungua kiganjani ulikuwa na nyuzi nyeupe za kuvu.

"Mama," nikasema, "huu umetoka msituni."

Hakukana. Aliweka panga chini taratibu, akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya shina lililoanguka.

"Kabla yako kulikuwa na mwingine," alisema.

Sikuwa nalijua hilo. Mimi ndiye kifungua mimba, hivyo ndivyo nilivyoitwa maisha yangu yote, na sherehe zote nimekaa mahali pa kifungua mimba. Aliniambia alikuwa mvulana. Alizaliwa nyumbani, akanyonya, akaishi siku chache, hakufikia kupewa jina. Wakati ule, alisema, mtoto kama huyo hakuwa na matanga. Wanawake wazee walimchukua kimya kimya na mama mzazi hakuambiwa alikowekwa, ili asiende kulia hapo, ili tumbo lisahau na kushika tena. Magokoro, bibi yangu mzaa baba, ndiye aliyembeba.

"Nilimuuliza mara moja tu," mama alisema. "Akaniambia, tumemweka penye ubaridi, majani yatamfunika. Basi. Nikajua ni kule chini. Nikangoja atakapozeeka atanionyesha. Na wewe unamkumbuka bibi yako. Alikufa amefumba mdomo wake."

Kwetu mtu huzikwa nyumbani. Anaweza kufia Nairobi au Mombasa, ataletwa, atalala ndani ya boma lake, karibu na milango ya watu wake. Mama alisema hilo ndilo lililomsumbua. Kifo chenyewe alikikubali, watoto wengi walikuwa wakifa. Lakini mtoto wake alikuwa nje, na mvua ilikuwa ikimnyeshea huko, na yeye alikuwa akiisikia juu ya bati. Kwa hiyo kila alipokwenda kuokota kuni alichota udongo kidogo, mahali tofauti kila mara, akaufunga kwenye ncha ya leso. Akaja kuumwaga hapa, kwenye migomba, hatua chache kutoka mlango wa jiko.

"Sijui alipo," alisema. "Basi nikasema nitaleta pote."

Nilitaka kulia, na pia nilikuwa na hasira, na pia, nitalisema kwa sababu ni kweli, nilimwonea wivu huyo mvulana. Miaka yote niliyodhani msitu ule umesimama kwa ajili yangu, ulikuwa umesimama kwa ajili yake. Halafu nikafikiria ndizi. Tumekula ndizi za migomba ile tangu tuote meno. Watu wa mjini walikuwa wakizisifu.

"Mama, kwenye udongo kama ule hakuna kinachobaki mahali pake," nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ni kazi yangu, ndiyo ninayoijua. "Minyoo huhamisha, mizizi hunywa, mchwa hubeba. Baada ya misimu michache tu, mtoto mdogo hivyo..."

"Najua," alinikatiza. "Ndiyo maana nimechota kila mahali."

Ukiondoa leso, hivyo ndivyo na mimi ningefanya.

"Sasa magoti hayataki tena," aliendelea. "Na nimemaliza. Ndiyo nikamwambia kaka yako akate, ana karo za watoto." Alipangusa mikono kwenye sketi. "Pamebaki pale pako tu. Kwenye kamba. Sikutaka kukuharibia kazi."

Tuliteremka kesho yake asubuhi, yeye ameshika mkono wangu, mimi nimebeba jembe dogo. Nilifungua kamba upande mmoja, nikaanza kutoa vifuko, kimoja kimoja. Vingine vilikuwa vimebaki mishipa tu. Nikakumbuka swali la yule mama wa dukani kuhusu zile neti, nikatamani nisingelikumbuka.

Mama alisema nichote mimi, yeye atashika leso. Niliondoa majani. Chini yake udongo mweusi, kama popote. Nikazamisha jembe kidogo, nikainua, nikaona wekundu.

Udongo mwekundu haupandi juu wenyewe. Unakaa chini, mweusi juu, na kati yao rangi ya kahawia, na msituni mpangilio huo hauvurugwi mpaka kitu kiuvuruge. Hapa vidonge vya udongo mwekundu vilikuwa vimechanganyika na mweusi kama maharagwe kwenye mahindi. Nikafuata kwa vidole. Mchanganyiko uliendelea kidogo upande huu, kidogo upande ule, ukakoma. Haukuwa mrefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kulia kwake udongo ulikuwa umepangika vizuri, na kushoto pia.

Hapo ndipo nilipokuwa napiga magoti kila Jumamosi.

Lakini najua jambo lingine pia. Mti mzee ukianguka, mizizi hung'oa udongo mwekundu na kuupandisha juu. Mti wenyewe huoza ukaisha, kisiki kikaisha, na doa hilo hubaki kwa miaka mingi sana. Mahali pale palikuwa na kijimwinuko kidogo ambacho kingeweza kuwa chochote. Kuna njia ya kujua. Unachimba shimo la kutosha, unasafisha ukuta wake, unasoma tabaka moja baada ya jingine. Ningehitaji asubuhi moja tu, na ningekuwa na jibu ambalo ningeweza kulitetea mbele ya mtu yeyote.

Nilihisi mkono wa mama begani.

"Mbona umenyamaza?"

Nilikuwa bado nimeshika udongo. Nilisikia kitu kikidondoka kutoka jani hadi jani nyuma yetu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi sikugeuka.

"Ni hapa, Mama," nikasema.

"Ni yeye?"

"Ndiyo."

Hakulia. Alishuka chini polepole, magoti yale yaliyokataa yakakubali, akaweka kiganja juu ya udongo na kukiacha hapo. Nilingoja afungue leso. Hakuifungua. Alitazama kamba za bluu, vifuko nilivyovirundika pembeni, mahali nyasi zilipolala kwa ajili ya magoti yangu.

"Kumbe ulikuwa naye," alisema. "Miaka yote nalala nikijua yuko peke yake. Kumbe ulikuwa naye."

Akaanza kurudisha majani. Nikamsaidia, na nilihakikisha kila jani linalala na weusi wake chini.

Wiki iliyofuata fundi wa pawa alikuja kutoka Keroka, kijana mchangamfu, akakata kwa siku chache kile kilichokua kwa muda ambao sitaki kuufikiria. Alipofika kwenye mraba akauliza, "Hii kamba ni ya nini? Tutoe?" Kaka yangu, ambaye mama alimwambia usiku wa kuamkia siku hiyo, na ambaye tangu hapo hajapandisha sauti nyumbani, akamwambia aiache pamoja na miti iliyo ndani yake. Fundi akacheka kwamba hiyo ni kuni ya bure inaachwa. Hakuna aliyecheka naye.

Kwa hiyo pamebaki miti kadhaa katikati ya miche ya mikaratusi aliyoipanda kaka, imesimama kama watu waliosahau kuambiwa mkutano umeisha. Jua sasa linaingia kwa pembeni. Majani yanaanguka na kukauka, hayaozi tena kama zamani, na mikaratusi itakapokua itaangusha yake humo, magumu, yenye mafuta, ambayo mchwa hawayataki. Naona ardhi ile ikianza kutunza vitu badala ya kuvila. Sikuvirudisha vifuko. Ningepima nini?

Mama hachoti tena. Alasiri zisizo na mvua anateremka na fimbo, anakaa kwenye ukingo wa kamba, na upepo ukiwa umegeuza jani analigeuza lilale sawa. Analala vizuri usiku, kaka anasema hivyo. Sijamwambia habari ya mti unaoanguka, na sijachimba.

Nami nikienda, nikifika kwenye kamba, napiga hodi. Mama akiwepo ndiye anayenijibu, "Karibu." Siku ambazo hayupo napiga hodi vilevile, nasubiri kidogo, halafu naingia.